Mwalimu Aliyekataa Kupiga

Huko nje mtu akitangaza kwamba anakwenda kupiga, wenye akili hukimbia na wasio nazo husogea karibu waone. Ndani ya ukumbi wa judo wa Jabe, ule ulio nyuma ya soko, uliokuwa ghala la mchele zamani, neno hilo lina maana nyingine kabisa. Kupiga ni kukubali umeshindwa. Mwenzako amekubana shingo, au amekunyoosha mkono mpaka kiwiko kinalia, basi wewe unampiga kofi jepesi, mara mbili au tatu, naye anakuachia papo hapo. Mnaamka, mnainamiana, mnaanza upya. Kwa hiyo Salem, mwenye duka la vitambaa, alipomleta binti yake Rania na kuuliza kwa wasiwasi kama mtoto wa kike naye atafundishwa kupiga, Maître Adélaïde, mwalimu wa ukumbi huo, alimjibu kwamba ndiyo, tena hilo ndilo la kwanza, na kwa miezi mitatu hatafundishwa jingine. Maskini Salem alirudi dukani kichwa kikimuuma. Ilibidi binti mwenyewe amweleze nyumbani, akimpigapiga kofi begani, mpaka mzee akacheka.

Na kweli ilikuwa miezi mitatu. Makilabu mengine ya Bujumbura yalimcheka Adélaïde. Kwao mtoto akija Jumatatu, Jumatano anamtupa mwenzake, na Jumamosi mama yake anapiga picha. Kwa Adélaïde unajifunza kuanguka na kupiga, kuanguka na kupiga, mpaka unachoka navyo. Alikuwa na maneno yake, na aliyarudia kila alasiri akitembea kati ya watoto na kimono yake iliyopauka. Kwamba mwenzako amekuazima mwili wake mucheze, si wako, utaurudisha kama ulivyoupokea. Kwamba anayepiga mapema si mwoga, ni mtu anayetaka kurudi kesho. Kwamba ukimshika mtu akapiga, ukachelewa kumwachia hata kwa kufumba na kufumbua, we si mwanajudo, we ni mwizi.

Na jambo moja alilikazia kuliko yote: hakuna kupiga sakafu ya mikeka. "Tatami haina masikio," aliwaambia. "Piga nyama. Mupige mwenzako mwenyewe, asikie, asipate la kusema."

Walimu wengine hawakulikazia hilo hivyo. Yeye alilikazia kwa sababu yake, na nikifika hapa damu huchemka, hata mimi ambaye hakuna aliyenigusa mkono.

Miaka kumi na moja iliyopita palikuwa na nafasi moja tu ya kwenda Tunis kusomea ualimu wa judo, miaka miwili, kila kitu kimelipiwa. Waliobaki mwishoni walikuwa wawili, Adélaïde na kijana aitwaye Valéry. Uzito wao ulikaribiana, basi wakapewa majaribio sawasawa, na Adélaïde akamshinda. Alimshinda kwenye maswali, akamshinda kwenye kufundisha, akamshinda kwenye kuonyesha mitupo. Yakabaki mapambano matatu ya chini, ya kulala sakafuni, na hata Valéry angeshinda yote matatu bado hesabu isingemtosha. Labda mwenzake asiweze kuendelea. Mnanielewa ninakoelekea.

Katika pambano la kwanza Valéry alimpata mkono wa kulia. Alimlaza, akamtupia miguu juu ya kifua, akaukumbatia mkono na kuuvuta kuelekea kidevuni, kiuno chake kikiinuka chini ya kiwiko. Hapo hakuna ubishi, umeshikwa. Adélaïde akapiga. Akampiga kwenye paja, mara tatu, kwa nguvu, na paja lile likakaza, maana yake mwenyewe alisikia. Kisha Valéry akavuta.

Msimamizi alikuwa Hyacinthe, mwanamume makini, mkanda mweusi wa siku nyingi, lakini alikuwa amesimama upande wa pili na mgongo wa Valéry ulimziba. Alisikia kiwiko kikilia na ukelele wa binti. Akamuuliza Valéry: alipiga? Valéry akajibu neno moja, uso mkavu.

"Hakupiga."

Basi, yakaisha. Valéry akapanda ndege. Adélaïde akabaki na vyuma viwili ndani ya kiwiko na mkono ambao hadi leo haunyooki wote. Lakini si mkono uliomla. Mkono ungepona, tungesahau. Kilichomla ni lile neno, kwa sababu mji mzima ulilimeza. Watu wakasema Adélaïde ana kichwa kigumu, wakasema majivuno yamemvunja, wakasema msichana gani huyo asiyejua kukubali kushindwa. Mama yake mzazi, akimlisha uji kwa kijiko hospitalini, alimwuliza kwa upole kabisa kwa nini hakupiga. Adélaïde alimwambia alipiga. Mama akamjibu sawa mwanangu, kula. Ile "sawa" ndiyo iliyomkaa kooni miaka kumi na moja, na mama amekufa nayo.

Sasa Valéry. Jamaa alirudi kutoka Tunis amenawiri. Akapata nyumba nzuri Kinanira mlimani, gari, watoto wa wakubwa wa Kiriri wanaletwa kwake na madereva. Mwaka huu umoja wa makilabu ya mji ukawa unatafuta mkuu wa walimu wote, na jina lake likawa la kwanza mdomoni mwa kila mtu. Kulikuwa na kipengele kimoja tu: mkuu lazima awe na dani ya tatu, yaani daraja la tatu la mkanda mweusi, naye alikuwa na ya pili. Akajiandikisha kwa mtihani. Na mtihani wa dani ya tatu kwao unadai kata ya chini, yaani onyesho la mishiko yote ya sakafuni, lililopangwa hatua kwa hatua, watu wawili, mmoja anashika na mwingine anashikwa. Anayeshika ndiye anayepewa alama. Lakini bila anayeshikwa kuifanya kazi yake vizuri, kulala inavyotakiwa, kujitetea inavyotakiwa na kupiga inavyotakiwa, hakuna kata. Mshiko ambao mwenzako hakuupigia hauhesabiwi, na mmoja ukikosekana umeanguka mtihani.

Wiki moja kabla ya siku, mwenzake Valéry, Loïc, alianguka na pikipiki akavunjika mfupa wa bega. Katika mji mzima waliobaki wanaoijua kata ile sawasawa ni watatu. Wawili walikuwa kwenye meza ya watahini. Wa tatu mnamjua.

Alikuja Jabe Jumamosi asubuhi, akaacha gari karibu na wauza ndagala, wale dagaa wa ziwani, akaingia ukumbini amevua viatu kwa heshima zote. Alimwita dada. Alisifu ukumbi, akasifu watoto, akaeleza habari za Loïc kwa sauti ya huzuni. Ya Tunis hakuyagusa, ila mwishoni alisema kwamba walikuwa vijana wakati ule, na vijana wana haraka. Hiyo ndiyo pole yake, jamani. Vijana wana haraka! Adélaïde alimsikiliza mpaka mwisho, akiwa amekunja mikono, ule usionyooka chini ya mwingine. Kisha akasema atakuja.

Valéry alimshika mkono kwa mikono miwili, macho yamemlegea kwa shukrani. Akaondoka akiamini amesamehewa. Wanaume wengine ukiwaitikia tu wanadhani umewasamehe.

Adélaïde alikuwa ameshajua atafanya nini kabla gari halijatoka sokoni. Hakuhitaji kukaa na kupanga, jambo lilikuja limekamilika. Katika kata ile, karibu na mwisho, kuna mshiko uleule, mkono uleule wa kulia, miguu ileile kifuani. Watahini watano mbele, wazazi na makilabu yote kando ya ukuta, mchana kweupe, hakuna mgongo wa kumziba mtu. Valéry atamshika, atavuta, atangoja apige. Na yeye hatapiga. Basi. Mji mzima ulisema Adélaïde hapigi, sasa mji mzima utaona Adélaïde asipopiga inakuwaje. Akimwachia, ameanguka mtihani. Akimvunja, amemvunja mbele ya watu mia, na safari hii wataona kila kitu kwa macho yao. Mlango wa tatu upo, lakini huo atauona mwenyewe akiwa ndani.

Tuseme ukweli: alifurahi. Alifurahi vibaya. Alifua kimono yake kwa mkono, akaianika juani, akawa anaimba. Watoto wake walimshangaa.

Siku nne walifanya mazoezi kule Kinanira, na siku zote nne Adélaïde alipiga. Alipiga mapema, alipiga vizuri, kofi laini kwenye paja lile lile. Kila alipopiga, Valéry aliachia haraka kama aliyeungua, na siku ya nne akaanza kutulia na kutaniana. Alimwambia kwamba hakuna mtu anayeshikwa vizuri kama yeye. Adélaïde akamjibu kwamba amepata muda mrefu wa kujifunza. Jamaa akacheka. Hakusikia chochote ndani ya jibu lile, na hilo nalo likamchoma.

Ni Rania aliyemwuliza swali la maana. Alikuwa na miaka kumi na sita wakati huo, mkanda wa kahawia, kitambaa cheusi kimebana kichwa, mwepesi, mkaidi, mwanafunzi ambaye mwalimu hatakiwi kumpenda kuliko wengine na humpenda tu. Aliuliza kwa nini Maître anamsaidia mutu aliyemuvunja. Adélaïde alimwambia aje Jumamosi aone, na akae mbele.

Jumamosi ikafika. Ukumbi wa shule ulijaa mpaka madirishani. Meza ya watahini ilikuwa na kitambaa cha kijani, na katikati yake alikaa Hyacinthe, nywele zimekuwa nyeupe zote, miwani puani. Watoto wa Jabe, kumi na wawili, walipiga magoti mstari wa mbele, Rania katikati, na kando yake Benite, msichana mnene mpole, rafiki yake wa mazoezi. Adélaïde aliwaona wote alipoingia. Akawaona, akafurahi kwamba wapo.

Kata ikaanza. Lazima niseme, ilikuwa nzuri. Valéry anajua judo, hilo hata adui yake hawezi kumnyima. Mishiko ya kulalia ikapita, Adélaïde akapiga. Mishiko ya shingo ikapita, akapiga. Ukumbi ulikuwa kimya kiasi cha kusikia magoti yakisogea kwenye tatami. Hyacinthe alikuwa ameshaanza kutikisa kichwa kwa kuridhika, kalamu yake inaandika.

Kisha Adélaïde, akiwa chali, akaunyoosha mkono wa kulia kuelekea kola ya Valéry kama kata inavyosema, na Valéry akaudaka. Mguu mmoja kifuani, mwingine shingoni. Akalala nyuma. Akavuta.

Maumivu yalikuja mapema kuliko siku za mazoezi, kwa sababu kiwiko kile hakina nafasi ya mtu wa kawaida. Adélaïde aliweka mkono wa kushoto juu ya tumbo lake mwenyewe, vidole vimefunguka, watu wauone. Akautuliza pale. Akaangalia dari.

Valéry alingoja. Alikaza kidogo, akidhani hajafika. Akangoja tena. Kando ya ukuta watu wakaanza kunyoosha shingo.

"Piga," akanong'ona.

"Mi sipigi," akasema Adélaïde, taratibu, macho darini. "Si we ulisema?"

Hapo ndipo Valéry alipoelewa, na Adélaïde alisikia akielewa. Alilisikia kwenye mapaja, yalivyobadilika juu ya kifua chake. Utamu wa dakika ile siwezi kuwapimia. Miaka kumi na moja alikuwa chini ya mtu huyu, na bado alikuwa chini yake, mkono wake bado mikononi mwake, na ni yeye Valéry aliyekuwa hana pa kwenda. Hyacinthe aliacha kuandika. Mtahini mmoja akauliza kwa sauti kama kuna tatizo.

"Nitakuvunja, dada," Valéry akanong'ona, na sauti ilikuwa ya mtu anayeomba.

"Vunja. Leo wanakuona."

Akasema apana, apana, akamwomba kwa jina la Mungu. Jasho lake lilimdondokea mkononi. Hakuwa tena akivuta, lakini alishindwa kuachia, cheo chote kimeshikwa pale pamoja na mkono. Adélaïde akainua kiuno chake mwenyewe, kidogo, akajisogeza ndani ya mshiko, kiwiko kikatoa mlio mdogo ambao wao wawili tu waliusikia. Kwa mara ya kwanza tangu Valéry aje Jabe, alimgeuzia macho.

"Ama useme," akamwambia.

Na akasema. Mpaka leo wako wanaosema alilia, wengine wanasema hakulia, mimi sijali. Aliinua kichwa kutoka sakafuni, akatazama meza ya kijani, akasema kwa sauti iliyofika madirishani:

"Alipiga. Siku ile ya Tunis, alipiga. Mara tatu, hapa pajani. Nilisikia."

Mikono yake ikafunguka. Adélaïde akajiinua, akapiga magoti, akapanga kimono yake, akainamia watahini kama kata inavyotaka, na hakuna aliyeinama kumjibu. Hyacinthe alikuwa amevua miwani na kuifunika kwa kiganja. Valéry alitoka kwa mlango wa nyuma akiwa peku, viatu akaviacha. Watoto wa Jabe wakaanza kulitaja jina la mwalimu wao, wakigonga tatami kwa viganja, na wazazi wakajiunga, na hata watu wa Kiriri waliokuja kumshangilia mwingine wakajikuta wanapiga makofi. Adélaïde alisimama katikati yao, mkono wake wa kulia umeanza kuvimba, na roho yake ikatua. Alimtaja mama yake kimoyomoyo. Umeona, mama. Nilikuambia.

Hyacinthe alikuja Jabe Jumatatu, mzee wa watu, akaomba radhi wima, mbele ya watoto. Jina la Valéry likafutwa kwenye orodha. Adélaïde aliyapokea yote akiwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, mkono kwenye kitambaa cha shingoni, kwa sababu daktari alimkataza tatami mwezi mzima.

Watoto nao wakaja na lao. Mmoja wao alikuwa amechukua video, video ikazunguka kwenye simu za mji wote, na mtu akaandika chini yake kwamba Jabe hawapigi. Basi ikawa ndiyo salamu. Wakiingia ukumbini wanagongana ngumi, mmoja anasema Jabe, mwingine anasema hatupigi. Wakaandika kwa chaki ukutani, juu ya ndoo ya maji. Tamko zuri hilo, lina mdundo. Lakini ni kinyume cha kila kitu mwanamke yule alichowafundisha, neno kwa neno, miaka sita. Na yeye je? Alisoma ukutani, akacheka. Alitaka kusema neno, akaona aache waifurahie wiki hii. Naweza kumtetea Adélaïde kwa mengi, na nimemtetea tangu tumeanza. Kwa hili simtetei.

Jumatano ile jua lilikuwa bado liko juu, saa tisa na nusu. Adélaïde alikuwa kitini, akisimamia kwa mdomo. Rania na Benite walikuwa wanacheza chini, na Benite, polepole kama kawaida yake, akaupata mkono wa mwenzake. Ulikuwa mshiko safi, Adélaïde aliufundisha mwenyewe. Benite akalala nyuma, akakaza taratibu, akangoja.

Rania hakupiga. Aliuweka mkono wa kushoto juu ya tumbo, vidole vimefunguka. Akaangalia dari.

Adélaïde aliona. Hilo lazima niliseme kwa sababu yeye mwenyewe halifichi: aliona, na alijua anachokiona. Ilitosha neno moja kutoka kitini. Lakini kitu kitamu kilimpanda kifuani, kitu cha Jumamosi, akamtazama yule binti alivyotulia, akajiona, na akaacha ipite sekunde moja ajione vizuri zaidi. Watoto wengine walikuwa wameshasimama kuzunguka. Mmoja akasema Jabe. Benite, aliyefundishwa kwamba kazi yake ni kukaza mpaka asikie kofi, akakaza.

Mlio wa kiwiko haukuwa mkubwa.

Benite alirukia pembeni akafunika mdomo. Alikuwa akirudia kwamba alingoja, alingoja apige, hakupiga, Maître, hakupiga, na ilikuwa kweli tupu, kila mtu ukumbini aliona ni kweli. Adélaïde alifika magotini pembeni ya Rania hajui alivyotoka kitini. Mkono ulikuwa umekunjikia upande usio wake. Uso wa mtoto ulikuwa wa kijivu, na bado alikuwa anatafuta macho ya mwalimu wake, na alipoyapata akatabasamu.

"Maître," akasema. "Umeona? Sikupiga."

Adélaïde alimwingizia mkono chini ya mgongo. Alimbeba. Alimbeba kwa mkono mmoja na nusu, akipita kati ya wauza ndagala na wauza mboga wakimpisha, mpaka kwenye teksi, na njia nzima mtoto alikuwa akisema haumii sana, na Adélaïde alikuwa akimwambia nyamaza mwanangu, nyamaza, kwa sababu hakuweza kuisikia ile sauti ya fahari.

Kliniki walimchukua Rania moja kwa moja ndani. Benite, aliyeingia nao kwenye teksi, alikuwa ameketi kwenye benchi, kimono bado mwilini, kwikwi zimemshika. Salem alifika na kanzu ya dukani, futi ya kupimia vitambaa bado ikining'inia shingoni. Hakupaza sauti. Salem si mtu wa kelele. Alimsalimia Adélaïde kwanza, kwa heshima kama siku zote, akauliza mtoto yuko chumba gani, akaambiwa angoje. Akashukuru Mungu kwamba ni mkono tu. Kisha akamtazama Benite, akamtazama tena Adélaïde, na taya lake likakaza.

Alisema hataki ugomvi na mtu. Alisema anajua ni mchezo. Lakini mfupa wa mwanawe umevunjwa na mkono wa mtu, na mtu huyo ana wazazi, na yeye kama baba atakwenda kukaa nao leo hii, waongee.

Jibu lilikuwa tayari mdomoni mwa Adélaïde, limekuja lenyewe, tena halikuwa uongo. Hakupiga. Neno moja, na wote wangetoka salama: Benite, kilabu, yeye. Salem angelielewa, mji ungelielewa, Rania mwenyewe angelithibitisha akicheka kitandani. Lilimkaa ulimini, alijua uzito wake, alijua ladha yake. Alimwona Valéry akiwa na umri wa miaka ishirini na kitu, uso mkavu, na kwa mara ya kwanza hakumwona kwa kutoka chini.

"Niambie tu jina, Maître," Salem akasema. "Nani amemuvunja mutoto wangu?"

"Adélaïde," akasema.

Salem alimtazama kama hakusikia vizuri. Basi akalirudia, polepole, pamoja na jina la baba yake, kama mtu anayejiandikisha, na akaketi kwenye benchi kando ya Benite kungoja atakachoambiwa.